Babu, Nyamaza, Maji Yajibu

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi shule! Umri huu, magoti haya. Mimi niliyeacha darasa la sita baada ya chura kuonekana ndani ya mkoba wa mwalimu mkuu (chura alijiingiza mwenyewe, sina la kuongeza) leo nimeandikishwa upya. Mwalimu ni mjukuu wangu. Darasa ni sebule yangu. Mwanafunzi ni mimi peke yangu, kwa hiyo nimeshika namba moja tayari.

Mjukuu anakaa nami mwaka wa nne sasa, kwa kuwa nyumba yangu iko karibu na chuo kikuu, na kwa kuwa mimi ni mzuri wa sura. Anasomea uzamivu, ile shahada ya juu kabisa, ambayo ukiimaliza unaitwa daktari lakini huruhusiwi kumtazama mtu ulimi. Anasoma matone. Matone! Ya mafuta ndani ya maji — kwa nini mengine yanaungana na mengine yanasusiana. Miaka minne anaamua ugomvi wa matone. Na juu ya hilo chuo kimempa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, awafundishe vipindi vya maabara kila Jumatatu na Alhamisi.

Leo karudi sauti imekauka. Kaangusha mkoba, kaangukia kiti. Anasema aliuliza swali, darasa zima likainama kutazama viatu. Akauliza tena. Viatu. Mwishowe akajijibu mwenyewe, akaendelea kuongea peke yake mpaka muda ukaisha.

Nikamwambia labda wamenunua viatu vipya.

Hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama matone yake. Kisha akasema: Babu, kuanzia kesho kutwa wewe utakuwa mwanafunzi wangu wa mazoezi. Nimekubali kwa sharti moja: niruhusiwe kuwa mwanafunzi mbaya. Akasema hilo hahitaji kuniruhusu.

Daftari hili pia kanipa yeye. La maabara, lilibaki. Kanionya kwamba humu hakuna kufuta wala kuchana ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa lako liendelee kuonekana. Sayansi haina haya!

Jumatano, 5 Machi

Kipindi cha kwanza. Vifaa: bakuli la jikoni, maji, karatasi laini ya chooni, sindano ya kushonea aliyoichukua kwa mama yake. (Mama yake ni binti yangu, mshonaji. Hajaambiwa.)

Akaweka kipande cha karatasi juu ya maji, sindano juu ya karatasi. Karatasi ikalowa, ikazama taratibu. Sindano ikabaki juu. Chuma juu ya maji! Nilijifanya sikushangaa. Nilishangaa.

"Kwa nini haizami?" akauliza.

"Inaogopa," nikasema.

"Babu."

"Hujaniambia nisibuni."

Akafungua mdomo anijibie, kisha akajiziba kwa kiganja. Nikamuuliza ana nini, jino? Akasema kuna mama mmoja mhadhiri wa siku nyingi pale chuoni amemweleza tatizo lake. Mjukuu anauliza swali halafu hapohapo anajijibu, kwa kuogopa kimya. Dawa: uliza, kisha nyamaza mpaka ujisikie vibaya. Ukijisikia vibaya, endelea kunyamaza.

Nilivunjika mbavu. Mimi nimelinda ghala la saruji miaka na miaka nalipwa kunyamaza, wala hakuna aliyeniita mhadhiri.

Alhamisi, 6 Machi

Mmoja kajibu! Mwanafunzi wa kike anayekaa nyuma kabisa. Kajibu kosa, lakini kajibu. Mjukuu kaingia nyumbani anaimba. Anaimba vibaya. Sikumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Binti kaja kula mchana. Hata hajakaa vizuri:

"Sindano zangu zinakwenda wapi?"

Mimi macho juu ya dari. Mjukuu kakiri. Binti kasema kumbe ndiyo sayansi yenyewe, kuiba sindano za mama. Tukala.

Baada ya kula akauliza lile swali lake la kila mara — masomo haya yanaisha lini? Mjukuu kaeleza taratibu. Tasnifu inakamilika mwaka huu. Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, kwenda kwenye maabara ya mtu mwingine kufanya utafiti kwa mkataba, miaka miwili, pengine miwili mingine, ukitumaini siku moja utapata ajira ya kudumu. Ya pili, kuomba kazi ya uhadhiri moja kwa moja, ambapo nafasi ni moja na waombaji wanajaa ukumbi.

Binti akafikiri. "Kwa hiyo unasoma ili uende ukasome?"

Mjukuu akasema ndivyo hasa. Mimi nikasema mwanangu umeelewa haraka, ungefaa uzamivu. Nikapigwa na kitambaa cha meza.

Msimamizi wa mjukuu anaitaka ile njia ya kwanza. Huyu profesa mimi namwita Bwana Makala, maana neno lake ni moja: makala. Umechapisha makala ngapi, makala ya pili iko wapi. Ana rafiki mwenye maabara kubwa nje ya nchi, ameshampigia debe mjukuu, na wako tayari kumchukua. Utafiti mtupu. Kufundisha, hakuna.

"Si ndiyo vizuri?" akauliza Binti. "Unapumzisha koo."

Mjukuu akaanza kukusanya sahani. Nilimwona uso.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefika chuoni! Mjukuu alisahau pakiti ya sindano (mpya, tumenunua, tumekoma), kaondoka na ile moja ya zamani. Nikavaa koti langu la harusi na misiba, nikaenda.

Maabara ina mlango wenye kioo. Nikasimama nje natazama. Meza ndefu, mabomba, wanafunzi wamevaa makoti meupe makubwa kuliko wao. Na yeye katikati. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu! Yule binti wa nyuma alikuwa amenyoosha mkono, anasema sindano inaelea kwa sababu ni nyepesi. Mjukuu hakumwambia umekosea. Alimwambia hebu tuone, isukume chini ya maji. Akaisukuma. Ikazama, ikalala chini kwenye sakafu ya bakuli. Mjukuu akauliza: "Kama ni nyepesi, mbona haipandi?" Kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka mimi huku nje nikajisikia vibaya. Nilitaka kugonga kioo nijibu.

Yule binti akatoa macho. Akasema polepole — basi siyo sindano. Ni maji. Huko juu kwenye maji kuna kitu kinaishika.

Darasa likazizima kwa kelele. Mjukuu alicheka tu, meno yote nje.

Nyuma yangu nikasikia: "Mzee, wewe ndiye fundi wa bomba?"

Bwana Makala mwenyewe. Mrefu, tai imekaza, mkononi rundo la karatasi. Nikamwambia fundi wa bomba anakuja, mimi ni babu wa mwalimu. Akabadilika, akanishika mkono kwa heshima. Si mtu mbaya. Tukatazama pamoja kwenye kioo. Akasema mjukuu wako ana kichwa kizuri sana, Mzee, isipokuwa anapenda mno darasa. Kalisema hilo kama mtu anavyosema fulani anapenda mno chupa.

Nikamuuliza ataacha lini. Akasema hapo ndipo wasiwasi wake ulipo. Ameona vijana wengi wazuri wakienda kwenye vyuo vidogo, wanapewa madarasa matano, meza ya utafiti hawana, na baada ya miaka michache sayansi yao imekufa. "Sitaki hilo limpate," akasema. Na macho yake yalisema kweli.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika nikakuta pakiti ya sindano mfukoni.

Jumamosi, 15 Machi

Tangazo la kazi! Chuo kimoja cha sayansi, si kikubwa, kinataka mhadhiri. Mjukuu kanisomea mara mbili kwenye kompyuta. Wanataka uzamivu au unaokaribia kukamilika. Wanataka uzoefu wa kufundisha. Siku ya usaili, mwombaji afundishe kipindi kifupi mbele ya jopo, kwa kiwango cha mwaka wa kwanza. Tena wanataka ukurasa mmoja unaoeleza falsafa yako ya ufundishaji.

"Andika," nikamwambia, "sipendi watu walale nikiwa naongea."

Kafuta, kaandika, kafuta, kaandika. Kwenye kompyuta anafuta tu, mimi kwenye daftari nanyimwa. Mchana wote kapata mistari mitatu. Nilipochungulia, wa kwanza ulikuwa unasema hataki watu walale akiwa anaongea. Umevishwa suti, lakini niliutambua.

Bwana Makala kakubali kumwandikia barua ya mapendekezo, shingo upande. Kamkumbusha kwamba maabara ya nje inataka jibu kufikia mwisho wa mwezi. Baada ya hapo watamchukua mwingine, na mlango wa namna ile haufunguki kila mwaka.

Nikamuuliza mjukuu anataka nini hasa. Kasema anataka vyote viwili — matone na darasa. Hata meza moja tu ya utafiti ingemtosha. Kasema hivyo huku anakwangua lebo ya chupa ya maji, kama mtoto anayeomba kitu ambacho ameshaambiwa hakipo.

Jumatano, 19 Machi

Kaitwa kwenye usaili! Jumanne ijayo.

Sasa mazoezi ni kila jioni, na mimi nimepandishwa cheo. Zamani nilikuwa mwanafunzi mbaya, sasa mimi ni jopo. Nimejitolea kwa moyo wote. Nalala macho wazi (ufundi wa ghala huo, haufundishwi popote). Nauliza kama hili litakuja kwenye mtihani. Nakohoa. Simu yangu inalia, naipokea. Lakini silaha yangu kubwa ni kumkatiza. Akiuliza tu swali, kabla hajaweka ile sindano, mimi nimeshaingia — "Lakini mwalimu, kama ni hivyo, meli je?" "Lakini mwalimu, kwani maji ni ya bomba au ya kisima?"

Mwanzoni alikuwa anakasirika. Sasa amepata dawa. Mikono yake iko kwenye bakuli, hainui hata macho, anasema kwa sauti ileile tulivu:

"Babu, nyamaza, maji yajibu."

Anaweka sindano. Inaelea. Anachovya ncha ya kijiti kwenye sabuni, anagusa maji. Sindano inazama papo hapo! Kila siku naiona, kila siku nashtuka.

Leo kalisema neno hilo jioni nzima. Sasa linamtoka kama pumzi. Hata kwenye chakula niliponyoosha mkono kabla ya maji ya kunawa — babu, nyamaza! Na mimi sikuwa nimesema kitu.

Jumatatu, 24 Machi

Kesho. Kapiga pasi blauzi ileile mara tatu. Binti kaleta sindano sita bora, kazichagua mwenyewe, kazifunga kwenye kitambaa. Kasema hata kama hataki mwanawe akafundishe, hataki aaibike na sindano zenye kutu. Mama huyo!

Nimemwambia mjukuu ajikaze kisabuni. Kasema kesho sabuni ndiyo inayozamisha. Kweli. Nimepiga mstari mmoja.

Jumanne, 25 Machi

Yesu na Maria na malaika wote! Siwezi kuandika kwa kucheka. Siwezi kucheka kwa huruma.

Karudi. Kakaa. Kavua viatu. Nikauliza — vipi? Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Jopo: watu watano. Mwenyekiti wao ni mzee, upara, miwani imefungwa kamba shingoni, uso kama ofisi ya serikali iliyofungwa. Kipindi kilianza vizuri. Akauliza swali, akanyamaza, kijana mmoja wa jopo akajibu. Mambo si haba. Akachukua sindano. Macho yote kwenye maji. Na pale pale yule mwenyekiti akakohoa, akasema: "Lakini mwalimu, kama ni hivyo—"

Na yeye, bila kuinua macho:

"Babu, nyamaza, maji yajibu."

Mwenyekiti wa jopo! Profesa! Mtu ambaye anasemekana hata mkewe humwita Profesa!

Mjukuu anasema chumba kilikufa. Yeye mwenyewe alikufa. Alitamani azame na sindano. Lakini kitu kikamshangaza: mzee kweli alinyamaza. Mdomo ukafunga. Akaegemea mbele, akatazama bakuli. Basi hakukuwa na la kufanya ila kuendelea. Sindano ikaelea. Sabuni, ikazama. Muda ukaisha. Alisahau kushika watu mikono, akatoka na bakuli lingali na maji, likammwagikia kwenye ngazi.

Nilimwambia pole mjukuu wangu, ni kosa langu, nimekuzoeza vibaya. Kisha nikaenda jikoni, nikafunga mlango, nikacheka na taulo mdomoni.

Akagonga ukuta. "Nakusikia, Babu!"

Alhamisi, 27 Machi

Habari ya babu imemfikia Bwana Makala. Maprofesa wanapiga umbea kuliko vinyozi. Kampigia simu mjukuu. Hakumcheka, namsifu kwa hilo. Kamwambia yaliyopita yamepita, aijibu ile maabara ya nje, aende, akirudi watu watakuwa wamesahau.

Binti naye kasema aende. Walau mshahara upo.

Mimi sijasema kitu. Nikisema abaki nitakuwa najisemea mwenyewe, maana nani atanifundisha jioni? Nikisema aende nitakuwa mwongo. Basi nimetengeneza chai.

Mjukuu kaandika ujumbe wa kukubali. Upo kwenye kompyuta, adabu tupu, umekamilika mpaka jina lake mwishoni. Hajautuma. Kasema ana mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 29 Machi

Wageni! Yule binti wa nyuma, na mwenzake mmoja, wamekuja na madaftari yao. Wana jaribio wiki ijayo, wameomba mwalimu awaelekeze kidogo. Mjukuu kasema sawa, lakini leo hafundishi yeye. Wafundishe wao. Wamfundishe nani? Babu!

Nikanyoosha mgongo. Mawindo mapya.

Binti wa nyuma akaandaa bakuli. Mwenzake akashika karatasi. Wakaanza kunieleza kwamba chembe za maji zinavutana, na zile za juu kabisa hazina wenzake juu yao, basi zinashikana kwa nguvu zaidi ubavuni na chini, ndiyo maana juu pana kama ngozi. Walieleza vizuri mno. Haikubaliki. Nikaingia: "Lakini mwalimu, kama ni hivyo, kwa nini mimi nikiingia kisimani—"

Wote wawili kwa pamoja, hawajapanga:

"Babu, nyamaza, maji yajibu!"

Wamelipata wapi? Binti wa nyuma akaona haya, akasema samahani Mzee, si kukukosea adabu, darasani kwetu ndivyo tunavyosema. Mtu akikimbilia kujibu kabla ya kujaribu, darasa zima linamwambia. Hata wavulana wanaambiwa babu. Hata mwalimu aliambiwa juzi.

Nikamtazama mjukuu. Alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, mikono imefungwa kifuani. Na uso wake — sijui niuandikeje. Kama mtu aliyekuta kitu chake ndani ya nyumba ya mwingine, kinatumika, akafurahi kukiacha.

Walipoondoka nilimwambia wale watafaulu. Akasema anajua. Akaenda kwenye kompyuta, akaufungua ule ujumbe, akausoma, akaufunga.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya mwisho. Karudi kutoka darasani mapema. Hakuna simu yoyote kutoka kwenye kile chuo. Kaweka simu mezani ipate chaji, kaenda uani kuanua nguo. Ujumbe uko wazi kwenye kompyuta, kidude cha kutuma kinasubiri kidole. Kasema akimaliza nguo, anautuma. Sawa, nikasema.

Simu ikalia. Namba ngeni. Kwa kawaida siruhusiwi kugusa, tangu nilipomwambia Bwana Makala kwamba mjukuu ameolewa. Nikagusa.

Sauti ya kiume, nzito, ya mtu mzima. "Naomba kuongea na yule mwalimu wa maji."

"Nani mwenzangu?"

Akajibu, bila kucheka kabisa:

"Mwambie ni Babu."

Niliita jina lake kwa sauti ambayo sijaitumia tangu enzi za ghala. Kaingia na shuka begani. Nikampa simu, nikanyoosha kidole kwenye upara wangu, nikafanya ishara ya miwani yenye kamba. Akaelewa. Rangi ikamtoka, ikarudi.

Sasa yuko jikoni, mlango haukufungwa vizuri. Mimi niko sebuleni na daftari mapajani, naandika kama karani wa mahakama.

Ameomba radhi. Amekatizwa. Amecheka! Sasa anasikiliza. Ndiyo, Profesa. Ndiyo. Ahsante sana. Inaonekana wanampa. Naona kivuli chake kimejipinda, mkono mmoja umeshika ukingo wa sinki. Anarudia anachoambiwa, nadhani kwa ajili yangu, Mungu ambariki: madarasa manne kwa muhula... mwaka mmoja wa majaribio... kuanzia Septemba...

Ningekuwa mimi ningeshasema ndiyo na kukata simu.

Yeye kavuta pumzi. Ile sauti yake tulivu ya bakuli. "Kabla sijakujibu, Profesa, nina swali moja. Mhadhiri mpya anapata meza ya utafiti? Hata moja?"

Kauliza. Nilingoja aongeze — aseme kama haiwezekani si kitu, aseme naelewa hali ya chuo, ajijibie kama zamani. Hakuongeza. Kanyamaza.

Bado kanyamaza. Mwenzake huko naye kimya. Bomba la jikoni linadondosha tone, tone. Mimi najisikia vibaya tayari. Nina maneno mengi hapa kooni, nina utani mzuri kabisa, nina meli na kisima.

Kageuka, kanitazama kupitia upenyo wa mlango. Kaweka kidole mdomoni.

Nimetulia kama maji mtungini.